Baridi ya Mama Caleb

Mama Caleb alianza kuvaa sweta mbele ya karai la mafuta.

Hapo Sindo jua hukaanga watu kabla hawajakaanga samaki, kwa hivyo wateja walicheka. Hata mimi ningecheka, mimi niliyezunguka nchi za watu nikarudi na kitambi tu.

"Phelesia, umehamia Ulaya bila kutuaga?"

Zamani angejibu kabla hujafunga mdomo. Sasa alimtazama mteja, akatafuta neno, akalikosa. Samaki wakaungua.

Mumewe Javan, fundi wa injini za boti, aliporudi jioni alisikia sauti ya mwanamume jikoni, nzito, ya kukwaruza, kama injini iliyoingia maji. Akainua spana. Ndani alikuwamo Phelesia peke yake, ameuelekea ukuta.

"Mama Caleb, unaongea na nani?" alinong'ona.

"Na mama. Anasema amelowa."

Mamake alikuwa amezama ziwani kabla ya ndoa yao. Javan alizoea kujigamba kwamba haogopi kitu isipokuwa mama mkwe, na kwa bahati nzuri wake hakuwahi kukutana naye. Siku hiyo aliweka spana chini, akawasha taa.

Tangu hapo uso wa Phelesia ukavimba, nyusi zikapukutika pembeni, ngozi ikakakamaa, akawa anasinzia mchana akiwa ameketi, kijiko mkononi, akipumua polepole mpaka Javan, ambaye alidhani pumzi ya mwisho ndiyo ile, akawa anamtikisa, na macho yale yakifunguka yanamtazama kama mgeni aliyekuja kuuliza njia.

Nabii Fanuel alikuja, akanusa chumba, akasema ananusa tope la ziwa.

"Ni jini wa majini. Arudishwe kwenye maji yake alfajiri. Akikuita, usimjibu."

"Nabii, yeye analalamika baridi."

"Anayelalamika si yeye."

Alfajiri Nabii na waumini wake wakamzamisha ziwani huku wakiimba, wakamwinua, wakamzamisha tena, na katikati ya ngoma na mawimbi ile sauti nzito ikasema taratibu, "Baba Caleb, nifunike," na Javan, blanketi likiwa kifuani mwake, akauma midomo, akanyamaza kama alivyoagizwa.

Phelesia alilala. Fanuel akatangaza jini ametoka. Hadi adhuhuri hakuwa ameamka.

Hospitalini Homa Bay, daktari aligusa kovu shingoni.

"Alitolewa rovu?"

"Uvimbe wote, daktari. Mwaka juzi."

"Basi tezi hana. Ile tezi ndiyo inayochochea moto wa mwili. Bila dawa, moyo unapoa, sauti inazama, ubongo nao unasinzia, unaona wasiokuwepo. Alikuwa anameza?"

"Kila siku. Naona kopo likipungua."

Daktari akatikisa kichwa. Kabla ya jioni Phelesia alikuwa amekwenda.

Siku ya mazishi, Javan akiwa chini ya hema, alisikia kicheko jikoni, kisha ulimi wa kasi ukimkemea mtu aliyezidisha chumvi. Sauti ya Phelesia. Ile ya zamani. Akainuka, akaifuata.

Alikuwa Lynnet, mdogo wa marehemu, kutoka Rusinga. Huyu naye zamani alikuwa na rovu kubwa, mzito wa maneno, wa kusinzia kanisani. Sasa shingo ilikuwa imenywea, macho yanang'aa, yamejaa machozi.

"Shemeji, umepona?" Javan alinong'ona.

"Ni dada. Kila siku ya soko alinipa vidonge vyake. Alisema yeye uvimbe ulishatolewa, mimi ndiye mgonjwa. Kwani hakukwambia?"

Javan alifumba macho. "Ongea tena, shemeji. Chochote."

"Niseme nini, yawa? Kopo limeisha tangu atuache." Akavuta leso, akajifunika mabega, jua likiwa utosini. "Hapa kwenu kuna baridi leo."

Javan akavua koti lake la mazishi, akamfunika mpaka kidevuni, akamshika mkono, wakatoka mbio kutafuta pikipiki ya Homa Bay.

Waombolezaji wakapisha njia, wakitazamana.

"Mnaona?" Fanuel akanong'ona. "Jini amehamia kwa Javan."