Sahani Chini ya Kawa

Kila siku akitoka shule, Blandina hupita Mtaa wa Msimbazi kumsalimia mama yake, Victoria, anayeuza kanga na vitenge. Kisha hurudi nyumbani pamoja na rafiki yake Moza. Siku hiyo Moza alikuwa amenunua pakiti ya ubuyu ili wagawane. Akampa Blandina aishike.

Wakapita kwenye uwanja ulioachwa wazi baada ya nyumba kuvunjwa. Moza akasema, "Baba anasema nyumba yenu ndiyo inayofuata."

Blandina akaongeza mwendo. Walipofika kona, Moza akanyoosha mkono.

"Haya, lete ubuyu wangu."

Pakiti ilikuwa tupu.

"Wee Blandina! Wote?"

"Haki ya Mungu, Moza, sikujua."

"Hukujua vipi na vidole vyekundu hivyo? Mdomo wako hauna breki!"

Moza alicheka. Blandina hakucheka, maana haikuwa mara ya kwanza. Kila akisikia habari za nyumba yao, mkono wake ulitafuta kitu cha kutafuna, na alishtuka kimekwisha.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, iliyojengwa na marehemu babu yake, Beno, kwa ujira wa kubeba mizigo bandarini. Sasa ilibanwa na maghorofa kulia na kushoto. Maji ya viyoyozi vya ghorofani yalidondoka kwenye bati lao usiku na mchana, na hakuna aliyewahi kushuka kuomba radhi. Walioshuka ni madalali. Walikuja na soda, na maneno matamu, na karatasi za kusaini.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi Benedikta, mjane wa Beno. Bibi ana kisukari. Kila jioni hujidunga sindano, na akishajidunga lazima ale papo hapo. Nesi Zamda wa zahanati alimweleza Blandina mwenyewe: "Dawa hii inashusha sukari mwilini. Bibi yako asipokula itashuka kupita kiasi. Atatoka jasho, atatetemeka, atasema maneno yasiyoeleweka. Akicheleweshewa msaada anaweza kufa."

Kwa hiyo Blandina alikuwa na kazi moja kubwa. Jioni alipasha moto chakula, akampakulia Bibi, akaifunika sahani kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, kisha akamwita.

Jioni hiyo alipakua ugali wa dona, mchicha na kipande cha samaki. Bibi alikuwa ndiyo kwanza amejidunga, anakuja kukaa, sauti iliposikika mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Sadalla, dalali.

"Nimfukuze kwanza huyu," Bibi akasema. "Nakuja kula sasa hivi."

Akatoka barazani, ambako Kasmir, fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele, alikuwa akishona. Blandina alibaki ndani, nyuma ya mlango, karibu na sahani.

"Bibi, usijitese," Sadalla alisema. "Weka kidole tu. Ghorofa likiisha, vyumba viwili vyako."

"Mzee Bakili wa pale kona mlimwahidi vyumba vingapi?"

"Hayo ya zamani, Bibi."

"Kwako ni ya zamani. Mimi nayakumbuka! Aliahidiwa viwili, ghorofa ya kwanza. Leo yuko Mbagala, analala sebuleni kwa mwanawe. Na ghorofa lake nalitazama kila asubuhi nikifagia."

"Usipouza kwa hiari, mtatolewa kwa lazima. Yule mjukuu atalala wapi?"

Blandina alijiuliza. Atalala wapi? Shule je? Mama atafanyia wapi biashara? Alisikiliza kila neno. Adhana ya magharibi ilipoanza, akatazama chini.

Kawa lilikuwa pembeni. Kwenye sahani ulibaki mwiba wa samaki. Vidole vyake vilikuwa na mafuta.

 Akafunua sufuria. Ukoko tu. Akaitazama ile sahani kama ya mtu mwingine. "Mama atarudi, atapika," alijiambia. "Bibi atasubiri kidogo." Lakini alijua kwamba sindano haimsubiri mtu. Akaifunika sahani tupu, akanyamaza.

Nje, sauti ya Bibi ilibadilika. Maneno yalikuwa yanaburutwa. Blandina alichungulia. Jasho lilimtiririka Bibi usoni, na mikono ilitetemeka juu ya mapaja.

"Bibi, una nini?" Kasmir aliuliza.

"Joto tu hili," Sadalla akajibu haraka. "Na hasira."

Bibi alimkazia macho Sadalla. "Beno," alisema polepole, "umerudi kazini?"

Sadalla alisita. Kisha akachomoa kidau cha wino mfukoni.

"Ndiyo, nimerudi," alisema kwa sauti laini. "Weka kidole hapa, tupumzike."

Akamshika Bibi mkono. Bibi hakuuvuta.

"Dalali, hebu ngoja," Kasmir alisema akiinuka. "Huyu mama hayuko sawa."

"Fundi, shona nguo zako."

Kidole cha Bibi kilikuwa kimeshaingia kwenye wino. Blandina aliona. Akikaa kimya, hakuna atakayejua habari za sahani. Akisema, wote watajua kwamba yeye ndiye aliyemfikisha Bibi hapo.

"Bibi hajala!" alipiga kelele, akaruka barazani. "Amechoma sindano na hajala! Chakula chake nimekula mimi! Mjomba Kasmir, sukari! Leta sukari!"

Kasmir aliupiga kumbo mkono wa Sadalla, karatasi ikaanguka, naye akakimbilia ndani. Akarudi na maji yenye sukari nyingi. Bibi alikuwa bado anaweza kumeza. Alikunywa kidogo kidogo, Blandina akimshika kichwa na kulia. Dakika zilikuwa ndefu. Hatimaye macho ya Bibi yakatulia. Akakitazama kidole chake cheusi, kisha akamtazama Sadalla aliyekuwa akiokota karatasi yake.

"Wewe," alisema. "Umejiita mume wangu?"

Sadalla aliikunja karatasi. Aliondoka akifunga mkoba njiani.

Mama Victoria alirudi, akampikia Bibi uji haraka, kisha wote wakaenda zahanati. Nesi Zamda alipima, akasema hatari imepita. Hapo ndipo Mama alipomgeukia Blandina, mkono juu.

"Chakula cha mgonjwa! Umekosa nini nyumbani, wewe mtoto?"

"Shusha mkono, Victoria," Bibi alisema. "Angenyamaza, sasa hivi mngekuwa mnanililia. Blandina, nikuulize. Yule samaki alikuwa na ladha gani?"

Blandina alifikiri. "Sijui, Bibi."

"Alikuwa na limau?"

"Sikumbuki."

"Kipande kizima cha samaki, na hukumbuki! Basi njaa haikuwapo. Ile ni hofu ilikuwa inatafuna."

Nesi Zamda akavuta kiti. "Wengi wanafanya hivyo, hata watu wazima," alisema. "Mtu ana hasira, anakula. Ana upweke, anakula. Halafu kila lango la shule kuna mtu anauza vya kutafuna. Nikufundishe jambo. Kabla hujapeleka mkono kwenye chakula, uweke kwanza mapajani. Vuta pumzi taratibu. Jiulize, tumbo ndilo linaloita, au ni moyo? Kama ni tumbo, kula. Tazama chakula, nusa, tafuna mpaka ujue kimetiwa nini. Kama ni moyo, mtafute mtu umwambie."

Haikuwa rahisi. Siku chache baadaye Blandina alikula biskuti mbele ya televisheni, akashtukia pakiti imebaki nusu. Alikasirika, lakini Bibi alimwambia, "Umeshtuka mapema kuliko siku ile. Endelea." Moza naye, alipohadithiwa, alimsaidia kwa utani wake. Kila wakinunua ubuyu alimshika kiganja na kuuliza, "Mkono huu umeitwa na tumbo, au umetumwa na moyo?"

Jumamosi moja jioni, Blandina alikuwa ameshakula, na sahani ya Bibi iko chini ya kawa.

"Hodi hapa!"

Sauti ya Sadalla. Blandina aligeukia mlango. Alipoangalia, mkono wake ulikuwa umeshalifikia kawa. Aliuona. Akaushusha mapajani, akavuta pumzi, moja, nyingine. Tumbo lilikuwa kimya. Moyo ndio uliokuwa unapiga.

Akatoka barazani. "Bibi," alisema, "ninaogopa."

"Njoo ukae hapa," Bibi akajibu. "Na sahani yangu uje nayo."

Bibi akala palepale, mbele ya dalali. Alinusa mchicha. Alitafuna taratibu. Sadalla alisimama mguu huu, akahamia mwingine.

"Bibi, kuna watu wananisubiri."

"Wasubiri," Bibi alisema. "Blandina, hizi karanga umezikaanga kwanza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nimejua."

Cherehani ya Kasmir ilinyamaza. Fundi alikuwa anatazama. Bibi alipomaliza, alinawa, akakausha vidole kimoja kimoja.

"Sadalla, jibu ni lile lile. Siuzi. Ukirudi na wino wako, naenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili waliokuona umenishika kidole."

Sadalla aliwatazama Kasmir na Blandina. Wote wawili walimtazama vilevile. Akaondoka, na mtaani kwao hakuonekana tena.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "mtu asiyejiangalia ndiye wanayemtaka hawa. Anakula hajui, ananunua hajui, mwisho anatia kidole hajui. Ukiwa na njaa, kula ufurahie chakula. Ukiwa na hofu, sema, kama ulivyosema leo. Na ukikosea, kiri mapema, kama ulivyokiri siku ile. Ndiyo maana mimi na nyumba hii bado tupo."

Kisha akamsogezea sahani. Alikuwa amemwachia mkia wa samaki. Blandina aliweka mkono mapajani, akajiuliza, safari hii tumbo likaitika, naye akatabasamu na kuutia mkia mdomoni. Alitafuna taratibu.

Ulikuwa na limau.