Furushi Nyuma ya Mlango

Siku ya kwanza ilikuwa harufu tu: siagi inayoungua, katika nyumba ya mbao pale mtaa wa Ndosho ambamo siagi haikuwa imewahi kuingia. Ernestine alifunua sufuria, akanusa, akafunika. Siku ya pili, aliporudi kutoka misa, alikuta godoro limekunjwa, sufuria imeviringishwa ndani ya kitenge, vyote vimefungwa furushi moja nyuma ya mlango, kama vya mtu anayekimbia vita.

Alimgombeza mume wake, Donat. Donat akaapa hakugusa kitu.

Akafungua, akapanga upya. Kesho yake, furushi. Akafungua. Kesho kutwa, furushi. Hebu fikiri: mwanamke amekimbia vita kule Rutshuru mara tatu, ameapa mbele ya Bikira Maria kwamba atazeekea hapa hapa, halafu kila akitoka kuchota maji kuna anayemfungia mizigo. Angekuwa mtu, angekula mwiko wa kichwa.

"Miye sihame tena," aliuambia ukuta. "Unasikia? Hama wewe."

Ukuta ulikuwa na wa kusikia. Donat alikuwa ameubandika magazeti ya kale ya Wazungu, aliyopewa na bosi wake wa Himbi, ili kuziba upepo. Katikati palikuwa na picha ya rangi: askari Waingereza wanaingia mji wa milimani, wasafi, mashavu mekundu, utadhani wametoka harusini; na mbele yao mkubwa wa watawa wa Buda, juu ya farasi, anakimbia nchi yake, wanakowasha taa za siagi. Wavamizi walichorwa wazuri, na mwenye nyumba akapewa macho ya mwizi wa kuku. Inaudhi. Donat aliipenda kwa sababu ya farasi.

Jioni moja, mvua ikipiga mabati, Ernestine akasikia kwato nje, juu ya mawe ya volkeno, zikija polepole, zikazunguka nyumba, zikasimama upande wa ukuta ule, na ile harufu ikaingia nzito mpaka kooni, na alipoinua taa akaona farasi wa kwenye picha yupo, askari wapo, lakini juu ya tandiko hapana mtu, na nyuma ya mlango, gizani, mikono miwili mizee inakaza fundo la kitenge chake, taratibu, kama mikono iliyozoea.

"Papa Donat," alinong'ona. "Ako humu."

"Nyamaza, mama. Usigeuke."

Asubuhi walimwita Mama Béata wa kikundi cha maombi. Alisali, akanyunyiza chumvi na maji ya baraka, akabandua picha na kuichoma uani. Moshi wake ulinuka siagi.

"Imeisha," alisema.

Kweli iliisha. Wiki nzima godoro lilikaa mahali pake, na Ernestine aliimba akipika.

Halafu mchana mmoja mabomu yakaanguka, na Ndosho yote ikamiminika barabara ya Sake. Hakuna kilichokuwa kimefungwa. Ernestine alivuta godoro, likakwama mlangoni. Sufuria ilikuwa motoni na maharage. Donat akamkamata mkono, wakatoka mbio. Walipofika kambini ndipo alipoona alichobeba: kifuniko cha sufuria. Alilia kwa hasira.

Alfajiri, chini ya turubai, kifuniko hakikuwa pale alipokiacha. Kilikuwa miguuni pake, kimeviringishwa ndani ya kitenge alichokuwa amejifunika, fundo limekazwa vizuri. Turubai lilinuka siagi.

Safari hii hakufungua.

"Papa Donat, amuka. Tunahama."

"Si tumefika jana tu, mama?"

"Amuka."