Gwanda la Baba

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, mchana wa kumzika baba yake. Mzee alikuwa mwanajeshi mstaafu, na wajukuu wote walilelewa mgongoni mwake.

"Mwanangu," mama akamwambia, "kalete gwanda lake tumzike nalo, ulipunguze kwanza. Maradhi yamemkausha."

Gwanda lilikaa miaka ishirini katika sanduku la bati, ndani ya stoo isiyo na dirisha. Alipofungua kufuli la sanduku, mlango wa stoo ukajifunga. Gizani akasikia hatua za buti zikimzunguka polepole.

"Baba, ni mimi."

Akapapasa kuutafuta mlango. Hatua zilikoma dada yake alipofungua mlango. Gwanda lilikuwa limekunjwa vilevile. Akalinyanyua. Kwapani lilikuwa limelowa jasho, bado la moto.