Msumeno wa Marehemu Bashir

Mpini wa msumeno ulikuwa na joto. Stoo ya Mwanasha kule Mumias ilikuwa haijafunguliwa tangu mumewe, fundi Bashir, azikwe, na vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu. Lakini Osundwa alipoushika mpini ule, aliuhisi una joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Alikuwa seremala wa Shieywe, mjini Kakamega, fundi wa milango na fremu za picha, na miaka yote alikuwa akikata pembe kwa mkono. Sasa alitaka msumeno wa umeme wa kukatia pembe. Alishaangalia mmoja mpya dukani mjini, lakini diski yake ilikuwa na meno machache, ya kukata haraka na kuacha ubao umechanika. Mwanasha alikuwa na miwili. Ule mdogo ulikuwa mwepesi, ila diski yake isingefika upande wa pili wa ubao wa mlango. Ule mkubwa ulikuwa na meno mengi membamba. Meza yake ilizunguka na kujifunga yenyewe barabara penye nyuzi arobaini na tano, na ukuta wa kuegemezea ubao ulikuwa umenyooka, hata alipouwekea rula hakuona mwanga ukipenya.

"Chukua huo mdogo, shemeji," Mwanasha alisema akiwa mlangoni. Hakuwa ameingia.

"Mbona?"

"Huo mwingine ni mzito." Akatazama pembeni. "Lakini ukiupenda, basi. Ni wewe umechagua. Si mimi nimekupa."

Osundwa aliuinua kwa mikono miwili akautoa nje kama mtu anayembeba bibi harusi.

Risper, mkewe, hakuupenda tangu siku ulipowashwa. Misumeno mingine hupiga kelele, huu uliimba. Ilikuwa sauti nyembamba, laini, na Osundwa alipokata aliinamisha kichwa kama anayenong'onezewa. Vipande viwili vilipokutana, hata ukucha haukupata mahali pa kuingia. Wateja walianza kuja hata kutoka Butali. Osundwa naye akaanza kushinda karakana pale nyuma ya nyumba, hata chakula cha mchana akipelekewa huko. Siku moja ugali, obusuma wake, ulirudi haujaguswa, na juu ya sahani Risper akanusa marashi ya waridi.

"Nani alikuja leo, Baba Ayuma?" alimuuliza mumewe usiku, wakiwa kitandani.

"Hakuna mtu."

"Na haya marashi?"

"Ni mbao. Mbao zinanukanga."

"Mbao ya saiprasi haijawahi kunuka mwanamke."

Osundwa alicheka kidogo, akageukia ukuta, akalala.

Wivu ukamkaa Risper kifuani kama kaa la moto. Alimshuku mwalimu Sylvia, aliyekuwa ameagiza fremu za picha na kuja kuziulizia kila mara. Akavizia, akachungulia kwenye ufa wa mbao. Hakumwona Sylvia. Alimwona mumewe anaupangusa msumeno kwa kitambaa cheupe, polepole, akitabasamu vile ambavyo hakuwahi kumtabasamia yeye.

Kisha vitu vya nyumbani vikaanza kuachia. Milango ya wateja ilikuwa imara, lakini kila alichotengenezewa Risper kilifunguka kwenye kona: kigoda, kabati la vyombo, mwisho kitanda chao. Jumapili moja alitoa gauni lake la kanisa sandukuni akalikuta limekatwa mshazari, kutoka bega hadi pindo, mkato safi kabisa, na kwenye pindo kulikuwa na unga wa mbao.

Mchana mmoja mvua ilishuka na mawe yake, radi ikapiga, stima ikapotea mtaa mzima. Risper alikuwa jikoni akichochea makaa, na katikati ya kishindo cha mabati akaisikia ile sauti nyembamba ikianza, ikipanda, ikishuka, ikipanda tena, akajua hata kabla ya kutoka kwamba hakuna waya ungeweza kuilisha mashine saa ile, akavuka ua akilowa huku harufu ya waridi ikimjia nzito mpaka kooni, akausukuma mlango, na katika giza lile la mvua akaona diski inazunguka ikimetameta, waya wake umelala sakafuni, haujachomekwa popote, na mumewe amefumba macho, midomo inamcheza, mkono wa kushoto ameulaza mezani, kidole cha pete kimenyooshwa peke yake chini ya meno, na msumeno unashuka wenyewe, bila kushikwa, taratibu kama mtu anayeinama kubusu.

Alimvuta shati kwa nguvu zake zote. Wakaanguka pamoja kwenye maranda, damu ikichuruzika, kidole kimechanika ngozi tu. Diski ikasimama. Juu ya vichwa vyao, mahali palipokuwa na hewa tupu, mwanamke akashusha pumzi.

Kesho yake Risper alienda Mumias. Mwanasha alipoelezwa habari ya kidole, alikaa chini.

"Bashir nilimzika bila kidole hicho," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwanga mume wa jini, dada. Mimi nilikuwa wa kupika."

"Na mbona hukutuambia?"

"Nilikuwa na wivu. Miaka yote jini huyo alinishinda ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Alipotoka na mume wako nikasema, acha na mwingine aonje." Akafuta macho kwa mtandio. "Twende kwa Maalim Swaibu, anajua kuwasomea majini. Nisamehe njiani."

Maalim alikuja Shieywe pamoja na Mwanasha jua likiwa juu. Alimkalisha Osundwa mbele ya msumeno, akamnyunyizia maji, akaanza kusoma. Haikuchukua muda, kinywa cha Osundwa kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kike, tulivu, yenye maringo.

"Unawatakia nini watu hawa?" Maalim aliuliza.

"Watu gani? Mimi nina mmoja tu. Alitazama misumeno mitatu, ule wa dukani ukiwemo, akaniinua mimi. Mimi nilichaguliwa. Huyu mwanamke aliletwa na shangazi yake kama mkungu wa ndizi."

Maneno yalimchoma Risper, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyoijua ndoa yao. Wazee walikaa, wakakubaliana, yeye akahamia. Mumewe hakuwahi kusema alimtaka.

Maalim akamwinamia. "Usimjibu kwa hasira, mama," akanong'ona. "Hasira yako ni chakula chake. Mwambie ukweli ambao yeye hana."

Risper alisogea mpaka magoti yake yakagusa ya mumewe.

"Shangazi hakunileta," alisema, akimtazama mumewe machoni. "Mimi ndiye nilimtuma. Nilikuona Butali ukipigilia benchi za kanisa, ukijigonga na nyundo kila mara, unalamba kidole halafu unatazama kama kuna mtu ameona. Mimi niliona. Nyumbani walikuwa wamenitafutia karani wa kiwanda, nikamkataa. Nikamwambia shangazi, nenda kwa watu wa yule seremala, ujifanye ni wewe umefikiria."

Mbao zilizoegemezwa ukutani zikaanza kutikisika.

"Ulimchagua?" sauti iliuliza, na sasa ilikuwa ndogo.

"Nilimchagua. Na leo tena."

Mayowe yaliyofuata yaliwatoa majirani nje. Maalim alipaza kisomo, Mwanasha akajifunika uso, diski ikapasuka katikati pasipo kuguswa, na harufu ya waridi ikageuka kuwa ya nywele zilizoungua, kisha ikaisha. Osundwa alianguka mikononi mwa mkewe. Alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kumbe ni wewe ulimtuma?"

"Nyamaza," Risper alisema huku akilia. "Unatokwa na jasho."

Maalim aliufunga msumeno kwa kitambaa cheupe akaondoka nao. Hakusema anaupeleka wapi, wala hakuna aliyemuuliza.

Wivu, hata hivyo, haukutoka siku ile moja. Kwa majuma mengi Osundwa angeacha nyundo hewani, akatega sikio kuelekea mahali pasipo na kitu, na Risper, akimwona, angenusa hewa akitafuta waridi. Ndipo Risper mwenyewe akamwambia wavae, waende mjini.

Muuza duka aliwapangia misumeno ya pembe juu ya kaunta, yote mipya. "Fundi, unachukua upi?"

Osundwa aliingiza mikono mifukoni. "Muulize mama."

Risper aliinama, akatazama meno, akazungusha meza, akaomba iwashwe mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ulipiga kelele mbaya, ya kukwaruza, hata wateja wakaziba masikio.

"Huo," Risper alisema. "Tufungie huo."