Lundo la Samadi la Malongo

Ndugu zangu wanakijiji, nawasimulia haya kwa sababu nzi wamerudi, na mimi nikiwaona siwezi kukaa nikatulia.

Kilikuwa kiangazi, mwaka ule wa vita vya Uganda, hapa hapa Biharamulo. Asubuhi ya kwa Malongo ilipendeza: ng'ombe wanatoka zizini, mkewe Nyamizi anatikisa kibuyu cha maziwa, binti yao mdogo Kwandu anaota jua. Jua likipanda kidogo tu, nzi wanaamka. Wako kwenye maziwa, wako kwenye ugali, wako machoni kwa mtoto.

Walitoka kwenye lundo la samadi. Malongo alihamia kwetu na mifugo yake kutoka Shinyanga, na kwake lundo kubwa langoni lilikuwa heshima: mpita njia alitazame, ajue hapa pana ng'ombe. Huko alikotoka nyumba zilikuwa mbali mbali. Sasa tulikuwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na heshima ya Malongo ikatuingia sote vyomboni.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Pancras, alimwendea kwa upole. Akamwomba samadi ipelekwe shamba la kijiji, mahindi yapate mbolea na nzi wakose pa kuzaliana. Malongo akacheka.

"Majani wamekula ng'ombe wangu, na mavi ni yangu," akasema. "Shamba la wote likitaka samadi, basi wote wafuge."

Jamani, uchoyo wa mali nimeuona mwingi, lakini uchoyo wa mavi ulinishinda.

Macho ya Kwandu yakawa mekundu, kisha yakatoa usaha. Nyamizi alipunga kanga mpaka mkono ukamchoka. Akamsihi mumewe aliondoe lundo. Malongo akawasha moshi wa samadi kavu zizini, kama walivyofanya baba zake. Ng'ombe wakapumzika, nzi wakahamia nyumbani, na moshi ukamzidishia mtoto maumivu.

"Baba Kwandu," Nyamizi akamwambia, "mtoto hafumbui macho tena. Ng'ombe umewawashia moshi. Huyu umemfanyia nini?"

Hapo ndipo Malongo aliposhtuka. Lori la kuwapeleka hospitali halikuwapo, malori yalikuwa vitani. Ni Pancras yule yule aliyetoa baiskeli yake, akaisukuma mtoto akiwa juu, Malongo nyuma akilia bila kujificha. Mganga alisema jicho la kulia litapona. La kushoto walikuwa wamechelewa.

Walipokuwa huko, tulibeba lundo lote kwa matenga hadi shambani, tukafagia zizi. Hatukuomba ruhusa, na sioni haya kusema.

Siku ya kurudi, Kwandu alikuwa mgongoni kwa baba yake, macho yote yamefungwa bendeji. Malongo alisimama langoni, akamwambia wamefika nyumbani. Mtoto akatega sikio.

"Bado, baba," akasema. "Hapa hakuna nzi."

Funzo

Wahenga walisema nzi kufia kidondani si haramu, ila hawakutuambia habari za mwenye kidonda. Zoeni mazizi kila asubuhi, samadi ipelekeni shambani kabla nzi hawajataga. Mwenye zizi asiseme ni lake peke yake, kwa maana nzi hawajui mpaka wa nyumba. Malongo alizoa lake mpaka uzeeni. Kwandu alikua, akawachunga ng'ombe wale kwa jicho moja, na baba yake hakuwasifu tena mbele za watu.