Nyungunyungu wa Meta Ishirini na Tatu

Likizo ile, kila asubuhi Profesa alichuchumaa kando ya mashine ya baba yake, mchimba visima, katika uwanja wa shule yao. Jina hilo alipachikwa nyumbani kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha. Kila mashine iliposhuka meta moja, msichana huyu alichota udongo uliotoka, akauweka fungu kwenye turubai, kisha akaandika daftarini ni udongo wa aina gani. Wanafunzi walikuwa wamechoka kuja shuleni na ndoo za maji kichwani, na kisima hiki ndicho kingewapumzisha.

Shangazi yake, mtaalamu wa kusoma picha za satelaiti, alikuja na kompyuta yake.

"Picha yangu imeuona mto wa kale uliofukiwa, umepita papa hapa," alitamba. "Wewe kaka unachungulia tundu moja tu!"

"Na wewe unaona ngozi ya ardhi," baba akamjibu. "Tumboni utaingia lini?"

Walipofika meta thelathini, mashine ikazimwa. Profesa akachomoka kwenda kuruka kamba. Aliporudi, kuku wa mlinzi wa shule walikuwa wameparua mafungu saba, kuanzia la ishirini, wakayavuruga kabisa. Kwa kuogopa kugombezwa, alichota udongo mweusi bustanini, akayajaza upya. Kisha akachana ukurasa wa mafungu hayo daftarini, akauficha mfukoni na kuandika mwingine: "Udongo mweusi."

Baba alikuwa tayari kushusha mabomba. Bomba lenye matundu lilipaswa kukaa penye mchanga wenye maji. Likikaa kwingine, kazi yote ingekuwa bure. Shangazi akainama kwenye turubai, akainua kitu kwa vidole viwili.

"Hongera, kaka! Huku kwako nyungunyungu anaishi meta ishirini na tatu chini, na mzima wa afya." Akaokota unyoya. "Tena anafuga kuku!"

Baba hakucheka. Alimtazama binti yake. Profesa akaangua kilio, akatoa mfukoni ule ukurasa uliokunjamana.

"Nisamehe, baba. Kuku waliparua, nami nikadanganya. Ukweli ni huu."

Baba akasoma: "Ishirini na mbili hadi ishirini na sita: mchanga mnene, umelowa."

"Mto wangu huo!" shangazi akaruka.

Bomba likashushwa penye mchanga. Pampu ilipowashwa, maji yaliruka yakamlowesha baba kuanzia kofia hadi viatu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema huku akikamua shati. "Shangazi yako anaona mbali, mimi naona chini, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Lakini ukiandika uongo, sote wawili tunakuwa vipofu. Kuku wakiparua, andika kuku wameparua. Hakuna atakayekumeza."

Profesa akafuta machozi, akafungua daftari na kuandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: "Meta 20 hadi 26: mafungu yameparuliwa na kuku. Mlinzi wa mafungu: mimi. Nilikuwa naruka kamba."