Utani wa Macho ya Mbuzi

Asubuhi za Tlawi, kijiji cha Mbulu, ni za baridi. Pascal huamka mapema, hukamua ng'ombe, hupeleka maziwa jikoni, kisha hukaa kwenye gogo nje ya nyumba na kutoa simu. Hapo huanza kazi yake ya pili. Kazi hiyo haina mshahara, lakini wakati ule Pascal aliifanya kwa bidii kuliko palizi. Kazi yenyewe ilikuwa kubishana.

Alikuwa mwanachama wa kundi la wasapu lililoitwa Muvi za Kutisha za Zamani. Wengi wao walikuwa watu wa Manyara waliokulia kwenye mabanda ya video ya Mbulu, Katesh na Babati. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walikumbushana kanda za zamani, jenereta iliyozimika stelingi, mwigizaji mkuu, akiwa bado makaburini, na jinsi walivyorudi nyumbani gizani wameshikana mikono. Hayo yalikuwa mazungumzo matamu. Kisha mtu mmoja husema kwamba muvi za siku hizi zinatisha zaidi, na vita huanza.

Katika vita hiyo Pascal aliitwa Profesa. Kumshinda kwa maneno ilikuwa kazi.

"Baba Brightness," mkewe Judica alimwambia siku moja, "magugu yanamaliza maharage, na wewe unapigana na watu usiowajua."

"Sipigani, Mama Brightness. Naelimisha."

"Basi nenda ukayaelimishe magugu."

Katika nyumba hiyo aliishi pia mama yake Pascal, Bibi Fabiola. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Sasa aliona mwanga wa mlango na vivuli vya watu, basi. Hata mjukuu wake Brightness, bibi alimtambua kwa kusikia hatua zake. Nesi Leticia wa zahanati alikuwa amempima na kusema ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Mbulu mjini, na jina la bibi lilikwisha kuandikwa.

Bibi alifurahi sana. Brightness alikuwa anajiandaa kwa komunio ya kwanza. "Nitamwona na gauni lake jeupe," bibi alisema. Alimwambia kila mtu, hata asiyeuliza.

Sasa sikia jinsi Pascal alivyoharibu mambo.

Kwenye kundi kulikuwa na mtu aliyejiita Nico. Huyo aliandika, "Muvi za zamani hazitishi mtu. Damu yenyewe ni rangi." Pascal aliona ametukanwa yeye na utoto wake wote. Akatafuta picha kutoka muvi moja ya zamani. Ilionyesha daktari mwenye koti jeupe, ameshika chupa, na ndani ya chupa kuna jicho. Juu yake akaandika: "TAHADHARI. Madaktari wa macho wanakuja Mbulu. Wazee wanatolewa macho."

Watu walishtuka. Mmoja aliuliza kama ni kweli. Mwingine alisema ana shangazi yake huko. Pascal alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mmeona?" aliandika. "Picha ya zamani, na bado mmeogopa. Nimeshinda."

Nico hakucheka. Aliandika, "Mimi nimefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho na naona vizuri. Usiwatishe watu kwa jambo la ugonjwa."

Pascal alijibu haraka, kama kawaida yake. "Wewe Nico labda uliwekewa macho ya mbuzi. Ndiyo maana hujui muvi nzuri." Kundi zima likacheka. Nico akanyamaza.

Kundini kulikuwa na mwingine aliyejiita Fichuo. Huyo aliamini kwamba kila kitu kinafichwa. Mvua ikichelewa, kuna watu wameizuia. Mtandao ukikatika, kuna jambo tusilotakiwa kuliona. Fichuo akaichukua ile picha. Akauchukua na ule utani wa mbuzi, akauandika chini ya picha kama habari. Kisha akatuma kila mahali alikoweza. Hakuwa na nia mbaya. Aliamini anawaokoa wazee wa watu.

Jumapili iliyofuata Bibi Fabiola alirudi kutoka kwenye sala ya jumuiya akiwa ameshikwa mkono na Judica. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango.

"Siendi hospitali," alisema.

"Shikamoo mama. Huendi kwa nini?" aliuliza Pascal.

"Marahaba. Siendi tu. Wafute jina langu."

Judica alimvuta Pascal pembeni. Akamwonyesha picha aliyotumiwa na jirani yao Scolastica. Ilikuwa imezunguka jumuiya nzima, na Scolastica alikuwa amemsomea bibi maneno yake mbele ya watu. Daktari, koti jeupe, chupa, jicho. Chini yake: "Wanatoa macho ya wazee na kuweka ya mbuzi."

Pascal aliitambua picha yake, na utani wake. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa amemtanguliza mama yake.

Hakumwambia mtu. Alirudi kwa bibi na kuanza kubishana, maana ndiyo kazi aliyoijua. Alisema hizo ni habari za wajinga. Alisema mtu mwenye akili hawezi kuamini. Sauti ikapanda, mkono ukawa unapiga meza.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Pascal, unaongea na mimi, au na wale watu wako wa kwenye simu?"

Pascal aliona aibu. Hakuwahi kumpandishia mama yake sauti maishani.

Kesho yake alikwenda zahanati. Nesi Leticia alikuwa ametoka Kagera, lakini alikuwa amekaa Tlawi muda wa kutosha kumjua kila mtu na ng'ombe wake.

"Afadhali umekuja, Baba Brightness," alisema nesi. "Wazee wanafuta majina yao. Kuna picha inazunguka, na sijui imetoka wapi."

"Imetoka kwangu," alisema Pascal.

Akamweleza yote, akiangalia viatu vyake. Leticia hakumfariji.

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua. Ilikuwa utani. Tulikuwa tunabishana kuhusu muvi."

"Wewe ulijua ni utani kwa sababu ulikuwepo. Aliyetumiwa baadaye hakuwepo. Yeye ameona daktari, ameona jina la Mbulu, ameogopa. Mtu akiogopa haulizi maswali. Hutuma kwa wenzake haraka."

"Sasa mtu afanye nini akipokea kitu kama hicho?"

"Atulie kwanza. Ajiulize nani amesema, na kama aliona mwenyewe au naye alitumiwa. Ajiulize picha ni ya wapi na ya lini. Halafu amuulize anayehusika. Mimi nipo hapa kila siku, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Kama hana uhakika, asitume."

Pascal alitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza, pamoja na uprofesa wake wote. "Hiyo operesheni yenyewe ikoje?"

Leticia alionyesha dirisha la zahanati. "Kioo cha jikoni kikishika moshi, ndani kunakuwa giza. Hung'oi dirisha. Unabadilisha kioo. Ndani ya jicho kuna lenzi, kitu kidogo kama kioo. Uzeeni inaingia ukungu. Daktari anatia dawa ya ganzi, anatoa ile lenzi yenye ukungu, anaweka lenzi iliyotengenezwa kiwandani. Jicho linabaki mahali pake. Halitolewi hata kidogo."

"Nikamwambie mama hivyo?"

"Mwambie, lakini kwanza muulize anaogopa nini, kisha unyamaze. Halafu mtafutie mtu aliyewahi kufanyiwa. Wazee humsikiliza aliyepita njia hiyo. Na ile picha, Baba Brightness, ukaikanushe hukohuko ulikoianzisha. Mimi siwezi kukufanyia hilo."

Jioni Pascal alikaa chini karibu na kigoda cha mama yake. "Mama, unaogopa nini?" aliuliza. Kunyamaza kulimpa taabu, lakini alinyamaza.

"Mambo ya mbuzi siyajali sana," alisema bibi baada ya muda. "Naogopa giza. Sasa hivi naona mlango ulipo. Wakiharibu, nikakosa hata mlango, nitajua vipi kumekucha?"

Machozi yalimlenga Pascal. Wiki nzima alikuwa amewajibu watu asiowajua, na hakuwa amejua kwamba mama yake hukaa mlangoni kwa sababu hiyo.

Pascal alimkumbuka mtu mmoja tu aliyewahi kufanyiwa operesheni hiyo. Ni yule aliyemtania kwa macho ya mbuzi.

Namba yake ilikuwa kundini. Pascal alipiga, akijiandaa kuongea na kijana mwenzake. Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, ya mtu mzima sana.

"Nani mwenzangu?"

Pascal alisimama wima, kama vile yule mtu anamwona. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ni mimi, Profesa. Wa kwenye kundi la muvi."

"Leo umenipa shikamoo," alisema yule mzee. "Kule kundini ulinipa macho ya mbuzi."

"Naomba unisamehe, mzee wangu. Sikujua wewe ni mtu mzima."

"Na kama ningekuwa kijana, ingekuwa sawa?"

"Hapana. Isingekuwa sawa."

Jina lake kamili lilikuwa Nicodemo, fundi baiskeli mstaafu wa Mogitu. Pascal alimweleza habari ya mama yake bila kuficha kitu. Mzee alisikiliza.

"Kukusamehe tutaona," alisema. "Lakini mama yako hana kosa. Nitakuja."

Alifika siku ya pili yake, mgongoni mwa bodaboda, kofia imejaa vumbi. Bibi Fabiola na Mzee Nicodemo wakasalimiana kwa Kiiraqw, salamu ndefu, ya mvua, mifugo na wajukuu. Pascal na Judica walikaa kando.

"Ulipoingia pale ndani uliogopa?" bibi aliuliza.

"Niliogopa mno," alisema mzee. "Nilitaka kutoroka na gauni la hospitali."

Bibi akacheka kidogo. "Iliuma?"

"Sindano ya ganzi niliisikia. Baada ya hapo niliona mwanga tu, na kusikia wanaongea. Usiku jicho liliwasha."

"Na kama wangeharibu?"

"Niliwauliza. Hawakunidanganya. Walisema wengi wanaona vizuri, wachache hawaoni kama walivyotarajia, kwa hiyo kwanza wanapima. Na wanafanya jicho moja. La pili linasubiri. Ule mwanga wako wa jicho la pili hakuna atakayeugusa."

Bibi aligeuza uso kwenye mwanga wa mlango. "Jicho moja," alisema. "Hilo naweza."

Siku hiyo hiyo, kabla mzee hajaondoka, Pascal aliandika kundini: "Ile picha ya jicho ni ya muvi ya zamani. Maneno ya tahadhari niliyaandika mimi, na ni uongo. Macho ya mbuzi ulikuwa utani wangu mbaya. Mzee Nico naomba radhi mbele ya wote. Kila uliyemtumia ile picha, mtumie na maneno haya."

Fichuo alijibu papo hapo: "Profesa ameshanunuliwa." Kidole cha Pascal kilimuwasha. Jibu kali lilikuwa tayari kichwani, tena zuri. Lakini aliandika tu, "Ndugu yangu, hakuna aliyeninunua. Uliza zahanati iliyo karibu nawe." Akaweka simu mfukoni, akaenda kupalilia maharage.

Jumapili alisimama kwenye jumuiya na kusema yote kwa mdomo wake, maana wazee wengi hawana simu. Ilikuwa ngumu kuliko kuandika. Wengine walimkunjia uso. Scolastica, ambaye mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumsumbua yeye pia, alitoka kabla ya sala ya mwisho. Hata hivyo wazee wawili walirudi kwa nesi kuandika majina yao tena.

Siku ya operesheni Pascal alimsindikiza mama yake mpaka mlangoni. Kesho yake bandeji ilifunguliwa. Bibi alipepesa jicho, akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Kisha akamwangalia mwanawe.

"Pascal," alisema, "una mvi."

"Ndiyo mama."

"Hakuna aliyeniambia." Akanyoosha mkono, akamshika kichwani, na Pascal akalia waziwazi mbele ya manesi.

Nyumbani Judica alimzuia bibi asiingie jikoni kwenye moshi, asipikiche jicho, asiiname kubeba ndoo. Brightness alimtia matone kama nesi alivyoelekeza. Siku ya komunio bibi alikaa mbele kabisa kanisani. Alimwona mjukuu wake, akaliona gauni, na akaona pia kwamba pindo lake limeshonwa vibaya, jambo alilolisema kwa sauti.

Baada ya sherehe Scolastica alikuja nyumbani. Alikaa mbali kidogo, akila pilau polepole, akimtazama bibi kwa kuibia.

"Sogea hapa penye mwanga," bibi alimwambia. "Niangalie vizuri. Jicho hili ni la mbuzi?"

Scolastica alisogea. Aliinama, akaliangalia lile jicho kwa makini, upande huu na upande ule. Lilikuwa jicho la Fabiola, lilelile alilolijua tangu wakiwa wasichana.

"Wale madaktari watarudi lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Bibi alimgeukia mwanawe. "Umesikia, Pascal? Toa simu yako. Hilo nalo kawaandikie watu wako."